Mbona hawakufanya kitu?

Mpwa wangu ana miaka 12, juzi kamaliza kitabu cha hadithi kuhusu utumwa akaja kunirudishia, nikamuuliza umekionaje, akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mjomba, mbona wao hawakufanya kitu?"

Usiku uleule nikakisoma upya na kweli bana, mwanzo mpaka mwisho watu wako kwenye kongwa, wanapigwa, wanalia, wanauzwa, halafu kurasa za mwisho anatokea mzungu mwema na meli yake anawafungua. Mateso yaliyoandikwa mle yalitokea kweli, sibishani nayo kabisa. Ila mtoto kafunga kitabu anawaonea huruma na hapohapo anawadharau, na hiyo dharau ndo imeninyima raha wiki nzima.

Maana walifanya. Walifanya mno!

Chukua ile meli ya Amistad, mwaka 1839. Watu 53 waliotekwa upande wa Sierra Leone wakavushwa bahari mpaka Cuba kimagendo, wakauzwa Havana, wakapakiwa tena kupelekwa kwenye mashamba ya miwa. Humo njiani mpishi wa meli akawaonyesha kwa ishara za mikono kwamba wakifika watachinjwa waliwe. Sasa kati yao kulikuwa na mkulima wa mpunga anaitwa Sengbe Pieh, ana mke na watoto kwao, huyu kapata msumari akauficha, usiku akafungulia nao kufuli, akamfungua mwenzake, naye akamfungua mwingine, huko chini kwenye shehena wakakuta mapanga ya kukatia miwa, na kabla hakujapambazuka meli ikawa yao. Wakawabakiza hai Wahispania wawili waliokuwa wamewanunua, wakawaambia tupelekeni jua linakotokea, maana walikumbuka kwamba wakati wanaletwa jua lilikuwa linazama mbele yao. Mchana wale jamaa wanaelekea mashariki, usiku wanageuza taratibu kuelekea kaskazini, ikawa hivyo karibu miezi miwili, maji yanaisha, watu wanakufa, mpaka wakakamatwa karibu na New York.

Na kwenye meli hiyo kulikuwa na watoto wanne! Wasichana watatu na mvulana mmoja. Mmoja wa wasichana aliitwa Margru. Mimi ningekuwa mwandishi wa vijana ningekaa na Margru tu, nimweke gizani anasikia minyororo inalegea mmoja mmoja na hajui kinachoendelea, anajua tu kwamba wakubwa wameacha kunong'ona.

Halafu gerezani hakuna anayeelewa lugha yao. Profesa mmoja, Josiah Gibbs, akajifunza kwao kuhesabu moja mpaka kumi kwa Kimende, akaenda bandarini New York anatembea anahesabu kwa sauti mbele ya mabaharia mpaka kijana mmoja, James Covey, akageuka kwa sababu kasikia lugha ya kwao, na yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa. Kuanzia hapo wakaweza kujieleza wenyewe, na Machi 1841 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema ni watu huru. Hivi jamani, hiyo si riwaya iliyokwishajiandika?

Haiti vilevile, kule watumwa walikowaasi mabwana wao Wafaransa. Vitabu vingi vinaanza na moto wa Agosti 1791, miwa inaungua, basi. Mi naona stori iko kabla ya moto. Waliopanga wengi walikuwa wanyapara na waendesha magari ya farasi, watu wanaoaminiwa na mabwana, wana ruhusa ya kutoka shamba moja kwenda lingine. Boukman, mmoja wa viongozi wa uasi huo, inasemekana alikuwa mmoja wao. Hebu fikiria kijana anaendesha gari, nyuma yake bwana anaongea kila kitu kama vile hapo mbele hakuna mtu, na yeye anashika hatamu kimya na kila neno analihifadhi. Miaka 12 na miezi kadhaa baadae, tarehe 1 Januari 1804, nchi ikawa huru.

Kuna sehemu ngumu pia na waandishi wengi wanaikwepa. Wazanji, yaani watumwa weusi walioasi karibu na Basra kule Iraq mwaka 869, waliokuwa wanakwangua ardhi ya chumvi kwenye mabwawa, walipigana na dola ya Kiislamu ya Abbasi miaka 14 na wakajenga mji wao, lakini na wao walipoteka miji walichukua mateka wakawafanya watumwa. Nat Turner, mtumwa aliyeongoza uasi kule Virginia, Marekani, 1831, na wenzake waliua mpaka watoto. Huku kwetu nako misafara iliyotoka bara haikuwa ya wageni peke yao, walikuwepo wenzetu waliouza wenzao. Mtoto wa miaka 12 anaweza kubeba hayo, anachoshindwa ni kusamehe akigundua alifichwa. Damu usiirembe wala usiirefushe, sema ilimwagika na nani alimwaga, endelea.

Na hata neno tunalo! Leo mtoro ni mwanafunzi anayekwepa shule, ila zamani pwani hii mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na watoro walikuwa na vijiji vyao kabisa, kama Fuladoyo kule nyuma ya pwani ya Kenya, wanalima na kujilinda wenyewe. Mi natamani sana kusoma riwaya ya msichana wa Fuladoyo, analinda zamu ya usiku, anasikia kijiti kinavunjika porini na hajui kama ni mtoro mwingine anakuja au ni waliotumwa kuwarudisha.

Mpwa wangu nilimsimulia yote ya Amistad jana jioni, chakula kikapoa. Nilipomaliza hakuuliza tena mbona hawakufanya kitu. Aliuliza, "Huo msumari aliutoa wapi?"

Nikamwambia aliuokota mlemle melini. Akasema, "Kwa hiyo alikuwa anaangalia chini muda wote."