Ngumi za kifua kwa kifua zimekwenda wapi?

Video ya pambano la zamani ikizunguka mtandaoni, kilio ni kilekile: mabondia wa leo hawajui ngumi. Hawajui kuzuga, hawajui kupiga mwili, hawajui kujikinga kwa bega. Ukweli upo humo, ila umechanganywa na mengine. Kwa macho yangu, ujuzi uliofifia kwelikweli ni mmoja: kupigana kifua kwa kifua.

Mtazame Roberto Durán wa Panama akicheza na Mmarekani Sugar Ray Leonard, Montreal, Juni 1980. Hakai mbali kuvizia. Anaingia, paji la uso linatua karibu na bega la Leonard, mkono mmoja unabana msuli wa mkono wa mwenzake usirushe kitu. Kisha anamsukuma kwa bega, nusu hatua tu, na upenyo unaopatikana unatosha ngumi moja fupi ya mbavu. Leonard akigeuka, Durán keshageuka naye. Aliyekaa viti vya nyuma anaona watu wawili wamekumbatiana. Zilipoisha raundi 15, Durán alikuwa mshindi kwa pointi.

Leo kazi kama ile ingekatizwa mapema. Vifua vikigusana tu, marefa wengi huwahi kuwaachanisha kabla bondia hajauchomoa mkono wake. Na bondia si mjinga: akijua refa yuko njiani, anakumbatia apumzike. Mwenye kuijua kazi ya ndani anakosa muda wa kuifanya, na asiyeijua anapata kichaka cha kujifichia.

Ila refa si peke yake. Olimpiki ya Seoul 1988, Mmarekani Roy Jones Jr. alimtandika mwenyeji Park Si-hun katika fainali, majaji wakampa Park dhahabu. Kashfa ile ilileta mashine katika ngumi za ridhaa. Kuanzia Olimpiki ya Barcelona 1992, ngumi ilihesabiwa pale tu majaji watatu kati ya watano walipobonyeza kitufe ndani ya sekunde moja. Nia ilikuwa njema. Lakini hebu kaa kwenye kiti cha jaji: ngumi ndefu ya kichwa unaiona bila taabu, ila tatu fupi zilizopita nyuma ya kiwiko kuelekea ini zinakupita. Kocha anayetaka medali atafundisha ipi? Mashine ile ilikuwepo mpaka London 2012, na kizazi kizima kikapita mikononi mwake.

Hapo ndipo wapenda ya kale wanapobanwa. Shule hiyohiyo ya vitufe ndiyo iliyowapika Vasyl Lomachenko na Oleksandr Usyk, ambao wote walichukua dhahabu London. Lomachenko anapiga, anachomoka pembeni, mpinzani akigeuka anamkuta begani kwake. Mei 2024 Usyk alimshinda Tyson Fury, jitu lililomzidi urefu na uzito kwa mbali, akabaki na mikanda yote minne ya uzito wa juu. Lilikuwa pambano lake la 22 tu katika ngumi za kulipwa. Durán alipanda ulingoni Montreal akiwa na mapambano 72 nyuma yake. Ukisema Usyk hajui ngumi, mimi na wewe hatukutazama mchezo mmoja.

Hata orodha ya vilivyokufa ina marehemu wanaotembea. Naoya Inoue na Canelo Álvarez wameangusha watu kwa ngumi za mwili. Kinga ya bega, ile aliyosifika nayo James Toney, ilimlinda Floyd Mayweather mpaka akastaafu bila kupoteza pambano hata moja. Shida ya kinga hiyo ni waigaji. Adrien Broner alilichukua pozi, jicho akaliacha, na Desemba 2013 Marcos Maidana akamwangusha mara mbili na kumnyang'anya mkanda.

Kuna vingine siwezi kuvililia. Joe Frazier alimwangusha Muhammad Ali katika raundi ya 15, Machi 1971. Raundi ile haipo tena. Novemba 1982 Duk Koo Kim alianguka raundi ya 14 mbele ya Ray Mancini, akafa siku chache baadaye. WBC, moja ya taasisi zinazotoa mikanda ya ubingwa, ikapunguza raundi hadi 12, na kabla muongo haujaisha wenzake WBA na IBF wakafuata. Kupiga mwili ni kupanda mbegu: ukiondoa raundi tatu za mwisho, mavuno yanapungua, na bondia anaona afadhali kukimbilia kichwa. Hasara hiyo naikubali bila kinyongo. Hata yale mapambano 72 yalikuwa shule ambayo ada yake hulipwa kwa ubongo.

Kifua kwa kifua hakudai raundi 15 wala mapambano 70. Román González wa Nicaragua amepata ubingwa katika madaraja manne ya uzito ndani ya raundi hizihizi 12, akikaa palepale ambapo wenzake wanakumbatia. Ninachodai kwa marefa ni subira ya sekunde mbili tatu, maadamu mkono mmoja uko huru na unafanya kazi. Kwa makocha nina dai jingine: wafundishe na kifua kwa kifua, wasiishie kwenye pedi. Siku hizi video nyingi za mazoezi ni za bondia akipiga pedi alizovaa kocha mikononi: kocha kasimama umbali wa mkono, milio inapishana kama ngoma, inapendeza. Lakini pedi haikuegemei, haikubani mkono, haikupumulii shingoni.