Moduli za Python: kuchukua iliyo tayari au kukompaili mwenyewe?

Ukiandika `pip install` na jina la moduli, mambo mawili yanaweza kutokea, na amri yenyewe haikuambii mapema ni lipi. Huenda faili likashuka, likafunguliwa, na baada ya sekunde chache ukaendelea na kazi. Au terminali itamwaga mistari mia ya makosa: gcc (kompaila ya C) haipo, faili la Python.h halikuonekana, Windows inadai Microsoft Visual C++ 14.0 au zaidi. Nimekaa na vijana wengi wanaoanza Python, na nimewaona wakifunga laptopu hapo hapo kwa kudhani wamekosea. Hawajakosea kitu. Wameangukia katikati ya ubishi wa zaidi ya miaka 20: je, moduli iliyoandikwa kwa lugha ya C ije ikiwa imeshakompailiwa, yaani imeshageuzwa kuwa lugha ya mashine, au uje msimbo wake na kila mtu akompaili kwenye mashine yake?

Swali hili lipo kwa sababu Python, kama lugha nyingine za skripti, haina mbio za kutosha kwa hesabu nzito. NumPy, moduli ya hesabu, inapozidisha matriki, wanaofanya kazi hiyo ni C na maktaba ya OpenBLAS, si Python. Ndiyo maana moduli nyingi tunazozitegemea zina kiini kinachopaswa kugeuzwa kuwa lugha ya mashine kabla ya kutumika. Ni sawa na mahindi: lazima yasagwe. Kinachobishaniwa ni kama uyapeleke mashineni mwenyewe au ununue unga wa pakiti.

Zamani hakukuwa na pakiti. Perl, iliyokuwa na ghala lake la CPAN tangu 1995, ilizoeza kizazi kizima hatua nne: `perl Makefile.PL`, `make`, `make test`, `make install`. Python ikafuata njia hiyo mwaka 2000 kwa kuingiza distutils, zana ya kutengeneza na kusakinisha moduli, na mtu akawa anaandika `python setup.py install`. Utaratibu wote ulijengwa juu ya dhana moja, kwamba kila mwenye kompyuta ana kompaila. Kwa watu wa Unix wa vyuo vikuu vya wakati ule ilikuwa kweli. Kwa mtu wa Windows nyumbani haikuwa kweli hata siku moja. Kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa na Christoph Gohlke wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliyekuwa akikompaili mamia ya moduli kwa ajili ya Windows na kuziweka wazi bure. Kazi hiyo ilikoma mwaka 2022. Haifai lugha inayotumika duniani kote imtegemee mtu mmoja kiasi hicho, lakini waliosoma Python kwenye Windows miaka hiyo wanajua deni walilo nalo kwake.

Jibu rasmi lilikuwa muundo wa wheel, uliopendekezwa mwaka 2012 katika waraka wa PEP 427. Faili lenye mwisho wa `.whl` ni zip tu ndani yake, na jina lake linasema kila kitu: `cp312` maana yake Python 3.12, `x86_64` ni aina ya prosesa. Upande wa Linux ulichelewa hadi 2016, kwa sababu Linux hazifanani, na moduli iliyokompailiwa kwenye moja inaweza kukataa kwenye nyingine. Njia iliyopatikana, manylinux, ilikuwa kukompaili juu ya mfumo mkongwe sana, CentOS 5 kwa toleo la kwanza, ili matokeo yakubalike karibu kila mahali. Mwaka 2023 Python 3.12 ikaiondoa distutils kabisa.

Kwa hiyo wanaotetea moduli za tayari wana hoja nzito, na mimi niko upande wao kwa jambo moja bila kusita: mwanafunzi asilazimishwe kukompaili. SciPy, moduli ya hesabu za kisayansi, kwa miaka mingi imedai kompaila ya Fortran pamoja na ya C. Hakuna somo la takwimu litakalomwingia mtu anayeanza kwa kumtafutia Fortran. Kwenye mashine ndogo kama Raspberry Pi, kukompaili moduli kubwa kulikuwa kunakula saa nzima na zaidi, na ndiyo sababu mradi wa piwheels ulianzishwa, ili kazi ifanyike mara moja na wengine wote wachukue tu.

Kuna pia hoja ya mwendo, ambayo wapenzi wa kukompaili huitaja sana: eti moduli uliyoikompaili mwenyewe inaijua prosesa yako na hivyo inakimbia zaidi. Kwa NumPy hoja hiyo imepungua nguvu sana. NumPy na OpenBLAS huikagua prosesa wakati wa kukimbia na kuchagua njia inayoifaa. Ukikesha usiku ukikompaili kwa ajili ya mwendo, yaelekea utapata kidogo.

Lakini hapo ndipo upande wa pili unapoanza kusikika, kwa sababu si kila mtengenezaji ana uangalifu wa NumPy. Mwaka 2018, kuanzia toleo la 1.6, TensorFlow ya tayari, moduli ya kufundishia mashine, ilianza kutumia maagizo ya prosesa yaitwayo AVX, ambayo Intel iliyaleta sokoni kwenye prosesa za 2011. Kwenye prosesa ya zamani kama Core 2 Duo, moduli ilisakinishwa vizuri kabisa, kisha ikafa mara ilipoitwa, na ujumbe wa kwamba agizo si halali. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anajua uzito wa jambo hili. Kompyuta nyingi tunazojifunzia ni mitumba, na prosesa ya kabla ya 2011 hapa si kitu cha ajabu. Aliyeikompaili moduli ile alifanya uamuzi wa haki kwa watu wenye mashine kama yake. Wenye mashine kama zetu walibaki na chaguo mbili: toleo la zamani, au kukompaili.

Kwangu hicho ndicho kiini cha suala lote. Faili la `.whl` ni mkusanyo wa maamuzi ambayo mtu mwingine ameyafanya kuhusu mashine yako bila kuiona. Amechagua prosesa, amechagua toleo la OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche), amechagua matoleo ya Python atakayoyahudumia. Mashine yako ikilingana na maamuzi yake, usipoteze muda, chukua. Isipolingana, hakuna atakayekusaidia isipokuwa kompaila.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi ni psycopg2, moduli inayounganisha Python na hifadhidata ya PostgreSQL. Katika matoleo ya 2.7 ilikuja ikiwa tayari, na ndani ya faili mlikuwa na nakala yake ya libssl, sehemu ya OpenSSL. Shida ni kwamba Python yenyewe nayo hutumia libssl ya mfumo. Nakala mbili za maktaba moja zikakutana ndani ya programu moja, na kwenye kazi zenye nyuzi nyingi kwa wakati mmoja, programu ikawa inaanguka ghafla. Watengenezaji wakafanya jambo la ujasiri: kuanzia 2.8, mwaka 2019, jina la psycopg2 likabaki la msimbo wa kukompaili, na iliyo tayari ikapewa jina jingine, psycopg2-binary. Maelezo yao yanasema ile ya tayari inafaa kwa kujaribia, lakini kwenye seva ya kazi halisi ukompaili yako. Wengi wanaopambana na kosa la kukosekana kwa `pg_config`, programu ya PostgreSQL inayohitajika wakati wa kukompaili, hutafuta jibu mtandaoni, wakaongeza neno `binary`, na kosa likaondoka. Ni wachache wanaoambiwa kwamba kosa lile liliwekwa pale kwa makusudi, kwa faida yao.

Nakala hizo za ndani zina tatizo jingine. Linux ya Debian ikitoa kiraka cha usalama cha OpenSSL, maktaba ya mfumo inapona, lakini nakala iliyofichwa ndani ya moduli haiguswi hadi mwenye moduli atoe toleo jipya nawe ulichukue. Moduli iliyokompailiwa juu ya maktaba ya mfumo inanufaika na kiraka mara programu inapowashwa upya. Kwa ofisi inayotunza fedha au kumbukumbu za wagonjwa, tofauti hiyo si ndogo.

Je, kukompaili ni salama zaidi kwa ujumla? Hapa nadhani pande zote mbili hujiamini kupita kiasi. Desemba 2024, matoleo mawili ya moduli ya Ultralytics, 8.3.41 na 8.3.42, yalifika PyPI, ghala kuu la moduli za Python, yakiwa na programu ya kuchimba sarafu za kidijitali, ingawa hifadhi ya msimbo haikuwa nayo. Wavamizi waliingilia mtambo wa kutengenezea vifurushi. Waliokuwa wakisema usiamini unga ambao hukuuona ukisagwa walipata ushahidi. Lakini mapema mwaka huohuo, Machi 2024, Andres Freund alikuwa amegundua mlango wa siri katika xz, programu ya kubana faili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Ule ulikuwa ndani ya kifurushi cha msimbo, na uliamka wakati wa kukompaili. Tena faili la `setup.py` ni programu kamili: linaendeshwa kwenye kompyuta yako wakati wa kusakinisha na linaweza kufanya lolote ambalo wewe unaweza kulifanya. Faili la `.whl` hufunguliwa tu bila kuendesha kitu, ingawa ukishaiita moduli ulinzi huo umekwisha. Anayekompaili bila kusoma msimbo, yaani karibu sote, hajajilinda kwa kutumia gcc.

Februari 2021 ilionyesha pia kwamba kukompaili kunaweza kuwageuka hata wanaojua kukompaili. Moduli ya cryptography, katika toleo la 3.4, ilianza kuhitaji lugha ya Rust wakati wa kukompaili. Wenye mifumo iliyopata faili la tayari hawakuona kitu. Watumiaji wa Alpine Linux, ambao hawakuwa na faili kama hilo wakati ule, waliamka na mitambo iliyosimama na lugha mpya ya kusakinisha. Malalamiko yao yalikuwa makali. Watengenezaji nao walikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa makosa ya kumbukumbu katika C ni chanzo kikubwa cha matundu ya usalama. Naona wote walikuwa na haki, na bado kuna watu waliolala njaa ya usingizi wakirekebisha seva zao.

Njia ninayoitetea kwa ofisi, vyuo na maabara zetu haitajwi vya kutosha: kompaili mara moja, gawa ndani. Amri ya `pip wheel -w ghala -r requirements.txt` hukusanya moduli zote zilizoorodheshwa katika requirements.txt na kuziweka kama faili za `.whl` katika folda moja. Ile psycopg2 inayopaswa kukompailiwa inakompailiwa hapo, kwenye mashine moja yenye gcc na faili za maendeleo za PostgreSQL. Kompyuta nyingine, mradi ziwe na mfumo uleule na Python ileile, zinasakinisha kwa `pip install --no-index --find-links ghala -r requirements.txt`, bila kompaila na bila hata intaneti. Kwa darasa la watu 40 wanaolipia bando, hesabu inajieleza: PyTorch ya Linux kutoka PyPI peke yake inazidi megabaiti 600, kabla ya maktaba za NVIDIA zinazoandamana nayo. Ishushwe mara moja, iwekwe kwenye flashi, izunguke.

Gharama yake ni kwamba lazima awepo mtu anayejua kukompaili, na hapo ndipo natofautiana na wanaosema ujuzi huo umepitwa na wakati. Tangu 2019 Python hutoa toleo jipya kila Oktoba, na kila mara kwa wiki kadhaa moduli nyingi huwa hazijapata faili la toleo hilo. pip inarudi kwenye msimbo bila kuuliza, na mistari ile mia inarudi. Mtu huyo ataisoma kuanzia kosa la kwanza badala ya la mwisho, atajua kuwa Python.h iko ndani ya kifurushi cha `python3-dev`, atakisakinisha, ataiendesha `pip wheel` upya, na folda itakuwa tayari kabla wenzake hawajafika kazini.