Kalsiamu Ina Wake Wawili, Nami Sina Povu

Leo asubuhi nimetoka bafuni nikiwa mchafu kuliko nilivyoingia, na jambo hili sitalinyamazia. Yule kijana wa mkokoteni aliniapia kwamba dumu lile la lita 20 lilikuwa la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kumbe ni maji ya kisima yale yale ya juzi. Nimesugua sabuni ya mche kwapani hadi ngozi ikawasha, na povu halikuja. Kilichokuja ni utando mweupe wa kunata, mfano wa maziwa yaliyoharibika, ukanikaa kifuani kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima.

Mtu mwingine angetukana. Mimi, niliyewahi kuwa mjumbe wa nyumba kumi, nilijizuia, nikauliza tu kwa sauti ya wastani iliyosikika mpaka kituo cha daladala: "Hii sabuni ina nini?" Swali hilo halikuhitaji jibu. Nilisahau kwamba uani yupo mpwa wangu anayesoma kemia chuo kikuu, amefunga chuo, na alikuwa anapiga mswaki.

"Shikamoo, Mjomba. Sabuni haina kosa," akasema nyuma ya mlango wa bati.

Nikamwitikia marahaba nikiwa nimefumba macho, maana utando ulikwisha kuyafikia. Akaeleza kwamba kila molekuli ya sabuni, yaani chembe yake ndogo kabisa, ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, na kwamba mikia hiyo hujichomeka kwenye mafuta ya mwilini, vichwa vikabaki nje, likatokea duara la nanomita chache ambalo maji hulibeba na kwenda nalo. Sijui shetani gani alinituma kuuliza nanomita ni nini.

"Ni mita moja iliyogawanywa vipande bilioni moja. Unywele wako mmoja, Mjomba, una upana wa kama nanomita 80,000."

Nikamwomba atafute mfano kwa mtu mwenye nywele.

Hakuchoka. Alisema maji ya kisima hupita kwenye miamba yakazoa madini ya kalsiamu na magnesiamu, na kila chembe ya kalsiamu ina mikono miwili, hivyo hukamata vichwa viwili vya sabuni kwa mpigo. Vikishakamatwa havina tena haja na maji, vinajitenga vikawa ule utando. Nikauliza kama maana yake ni mume mwenye wake wawili. Akasema barabara kabisa, tena waume wenyewe katika dumu moja ni wengi kuliko watu wote wa dunia, na sabuni haiwezi kuanza kuniogesha mpaka wote wawe wameoa. Hapo ujumbe wa nyumba kumi ukanitoka. Mche nimeununua mimi, kwa fedha yangu, kisha uishie kwenye ndoa za watu ambazo hata kadi sikuletewa!

Wakati huo wapangaji watatu walikuwa wamepanga foleni na ndoo zao, na mama mmoja akauliza kama bafuni anaoga mtu au anafanya mtihani.

Nilidai dawa. Dawa ya kwanza ilikuwa kuchemsha maji, kwa kuwa sehemu ya kalsiamu hutuama ikawa chokaa, ndiyo yale magamba meupe ndani ya birika. Bei ya mkaa tunaijua sote, tuendelee. Dawa ya pili ilikuwa sabuni ya unga ya kufulia, kwa sababu hiyo haigandi ovyo kwenye maji magumu, ndiyo haya yenye kalsiamu nyingi. Yaani mimi ni shati. Akanitajia pia Mtanzania mwenzetu, Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, ambaye alichanganya mchanga na chembe za kinano akatengeneza chujio la maji ya kunywa linalokamata hata madini ya floridi, akapewa tuzo na taasisi ya wahandisi ya Uingereza mwaka 2015. Nilifurahi kwa dhati kwa niaba ya taifa, nikiwa uchi.

Nilipofumbua jicho moja nikamwona mjusi ukutani, ametulia kichwa chini, ananitazama. Mpwa wangu, kwa kusikia tu nimemfukuza mjusi, akaeleza kwamba yule hana gundi: vinyweleo vya nyayo zake vina ncha zenye upana wa kama nanomita 200, nazo huusogelea ukuta kwa karibu mno hata molekuli za pande mbili zikavutana. Mjusi anaganda ukutani kwa nanomita, na mimi kwa utando wa mita nzima niliteleza sakafuni nikashikilia bomba lisilotoa maji tangu Jumanne.

Nimekwenda dukani moja kwa moja kununua mche mwingine. Nao unazidi kukonda kila mwezi, bei palepale, nikamuuliza muuzaji kama kiwandani nako wameanza kukata sabuni kwa nanomita. Akaniuliza nanomita moja ni shilingi ngapi. Ningekaa nimweleze, lakini shati lilikuwa limekwisha kunigandama mgongoni.