Ndizi si tunda la mti

Jumapili iliyopita nilimsikia mhubiri mmoja, mtu ninayemheshimu sana, akiwaambia waumini kwamba Wayahudi wameigeuza shukrani kuwa hesabu, kwa sababu mkate una baraka yake, divai yake, tunda la mti yake na mboga yake, ilhali Mungu hahitaji kuambiwa chakula kimeota wapi. Waumini waliitikia "Amina". Mimi nilinyamaza, na tangu siku hiyo sina utulivu, kwa maana naamini amekosea.

Nianze na ndizi, kwa kuwa nimekulia katika kibanja cha migomba mkoani Kagera. Myahudi mshika sheria, akiwa na ndizi mkononi, hambariki Mungu aumbaye tunda la mti. Humbariki aumbaye tunda la ardhi, kwa maneno yale yale anayoyasema juu ya karoti. Kwa marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, mti ni ule ambao matunda yakishachumwa, tawi hubaki na kuzaa tena. Mgomba hauko hivyo: mkungu ukishakatwa, shina lile halizai tena kamwe, bali huangushwa likaoza, na chipukizi lililoota pembeni ndilo linalorithi nafasi yake. Bibi yangu aliyajua haya kwa panga lake, na rabi Yosef Karo aliiweka hukumu ya ndizi katika Shulhan Aruhi, kitabu chake cha sheria za Kiyahudi, kilichochapishwa Venice mwaka 1565. Je, mtu anayetakiwa kuujua mgomba kabla ya kumenya ndizi anafanya hesabu, au anatazama? Utoto wangu wote nilishukuru kwa sala moja juu ya ndizi, wali na soda, macho nimeyafumba, wala sikumbuki siku ambayo sala hiyo ilinifanya niuone mgomba.

Zaidi ya hayo, Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi wa kale, inaliweka jambo hili mahali pazito kuliko adabu ya mezani. Zaburi moja yasema nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, na nyingine yasema nchi amewapa wanadamu. Rabi Levi alizipatanisha kwa kusema kwamba ya kwanza ni kabla ya baraka na ya pili ni baada yake. Maana yake ni kwamba anayekula bila kubariki amejitwalia mali isiyo yake, na ndiyo sababu marabi walimlinganisha na mwizi. Sasa nauliza: ikiwa baraka ni kuomba ruhusa kwa mwenye mali, kuna ubaya gani kumtajia kile unachokichukua?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba maneno yanayorudiwa kila siku huweza kutoka mdomoni bila moyo, na kwamba sheria za vyakula vilivyochanganywa bado hunishinda. Hata hivyo sheria yenyewe haikukosa huruma: Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliofanywa yapata mwaka 200, yasema kwamba aliyebariki kwa kusema vyote vimekuwapo kwa neno lake Mungu, juu ya chakula chochote kile, ametimiza wajibu wake.

Tena tunasahau kwamba Kumbukumbu la Torati 8:10 huanza na kula: "Nawe utakula na kushiba, utamshukuru Bwana, Mungu wako." Sisi huomba tukiwa na njaa, na tukishiba twainuka. Kwa Myahudi, baraka za baada ya mkate ndizo zenye mizizi katika Torati yenyewe, na zile za kabla ya kula zimewekwa na marabi. Na baada ya ndizi, au bilauri ya maji iliyokata kiu, humbariki Mungu aliyeumba nafsi nyingi pamoja na upungufu wao. Upungufu wenyewe, ile njaa tuliyokuja nayo mezani, umetajwa ndani ya shukrani. Sijapata kuisikia sala ya namna hiyo katika meza yoyote niliyokaa, na ningependa mhubiri yule aisikie kabla hajasimama tena kulizungumzia jambo hili.