Kinachopanda si lazima kiwe kiini

Kabla halijafika kwenye tanuri na chupa za maabara, neno la Kilatini destillatio, asili ya distil ya Kiingereza, yaani kukeneka au kutenga vitu kwa njia ya mvuke, lilikuwa jina la mafua. Celsus, aliyeandika juu ya tiba huko Roma katika karne ya 1, alilitumia kwa ute unaoshuka kutoka kichwani hadi puani, kooni na, mambo yakiharibika, kifuani. Mzizi wake ni stilla, yaani tone, na destillare ni kudondoka tone kwa tone. Hapakuwa na moto humo wala pombe. Kamasi tu.

Naanzia puani makusudi, kwa sababu neno hili limepandishwa cheo kupita kiasi. Kwa Kiingereza cha leo, ripoti ya kurasa 300 ikifupishwa hadi ukurasa mmoja husemwa "imekenekwa", na msikilizaji anatakiwa aelewe kwamba takataka zimebaki chini na kiini kimekusanywa. Hekima ya mtu hukenekwa, maisha hukenekwa, hata vita vya miaka mingi hukenekwa vikatoshea aya moja. Wafaransa wana nafuu kidogo: kwao kitenzi distiller huweza pia kuwa kutoa habari, au sumu ya maneno, kidogokidogo, na lile tone la zamani bado linasikika. Lakini maana ya "kiini" ndiyo iliyoshinda, nami naiona inadanganya. Kazi yenyewe haikuwahi kuahidi hivyo.

Kukeneka, kama vitabu vyetu vya kemia vinavyoiita kazi hii, ni kukichemsha kitu kikawa mvuke, kisha kuupoza mvuke huo ukarudi kuwa majimaji katika chombo kingine. Mchanganyiko wa maji na alkoholi ukipashwa moto, alkoholi hutangulia kwa wingi, maana huchemka kwenye nyuzi 78 hivi za Selsiasi na maji kwenye 100. Moto haujui kipi bora. Unajua kipi chepesi kuruka, basi. Anayekeneka maji ya bahari ili apate ya kunywa huiona chumvi kuwa uchafu. Mvuna chumvi huuacha mvuke uleule upotelee angani wala hajuti. Na usafi wenyewe una ukomo. Alkoholi ikishafika asilimia 95.6 kwa uzani, katika kanieneo ya kawaida, mvuke na kilichomo chunguni huwa na mchanganyiko ule ule, na hata ukeneke mwaka mzima huvuki hapo. Mfupisha ripoti anahubiri usafi ambao hata tanuri halijaufikia.

Sasa mafua yaliingiaje kwenye mitungi? Aristotle aliandika kwamba maji ya bahari yakigeuka mvuke, kisha mvuke ukarudi kuwa maji, huwa matamu, yaani hayana chumvi tena. Mtu huyohuyo aliamini ubongo ni kiungo cha baridi: mvuke wa chakula hupanda kutoka tumboni, ukifika kichwani hupoa, na kohozi hushuka jinsi mvua inavyoshuka kutoka mawinguni. Kwa mafundisho ya namna hiyo, kila mwanadamu anatembea na mtambo wa kukenekea mabegani. Hata leo sehemu ya juu ya mtambo, pale mvuke unapokusanyika, mafundi wa Kiingereza huiita kichwa.

Mitambo halisi ya kwanza iliyoelezwa kwa undani ni ya Misri, wakati wa utawala wa Kirumi. Zosimos wa Panopolis, aliyeandika karibu mwaka 300, anamtaja mara kwa mara mwanamke aitwaye Maria Myahudi, fundi aliyemtangulia. Maelekezo ya Maria hayana majivuno: chukua shaba, itengeneze mirija mitatu, unene wake uzidi kidogo ule wa kikaango cha mwokaji, ziba viungio kwa unga uliokandwa. Jina lake bado liko jikoni, kwani Wafaransa huita chombo cha kupashia kitu ndani ya maji ya moto "bain-marie". Huwa nashangaa kwamba historia ya kemia haimwanzii yeye.

Kikombe cha juu cha mtambo Wagiriki walikiita ambix. Waarabu wakakichukua kikawa al-anbiq, Walatini wakakipokea kutoka kwao kikawa alembicus. Waarabu pia walikuwa na majina mawili ya kazi hii, na hapo ndipo napenda kusimama. Moja ni taqtir, kudondosha, kutokana na qatra, tone. La pili ni tas'id, kupandisha. Al-Kindi, huko Baghdad katika karne ya 9, alipoandika kitabu chake juu ya manukato, ni hilo la pili aliloliweka kwenye jina la kitabu. Aliyetoa jina la kwanza alitazama mdomo wa mrija, aliyetoa la pili alitazama mvuke ukiondoka. Ningepewa nichague, ningelichukua la pili, kwa kuwa linataja kinachoamua mambo: nani apande, nani abaki.

Hata neno alkoholi lilipita njia hiyohiyo. Al-kuhl ni wanja, unga laini wa kupaka machoni. Wazungu wakalifanya jina la unga wowote uliosagwa ukalainika kabisa, kisha la sehemu laini kabisa ya kitu chochote, hadi daktari Paracelsus katika karne ya 16 akaita kile kilichotolewa kwenye divai "alcohol vini", yaani ulaini wa divai. Kabla yake, Taddeo Alderotti wa Bologna, aliyefariki mwaka 1295, alikwisha eleza jinsi ya kupoza mvuke kwa mrija uliojiviringa kama nyoka, na majimaji hayo yalikuwa yakiitwa aqua vitae, maji ya uzima. Wagaeli, wenyeji wa Ireland na Uskoti, walilitafsiri jina hilo kwa lugha yao, na kutoka hapo tukapata wiski. Kwa hiyo maji ya uzima yalitolewa na mafua makubwa ya shaba, kwa kusema.

Upana wa neno unaonekana vizuri kwa Hieronymus Brunschwig, daktari wa Strasbourg aliyechapisha kitabu cha sanaa hii mwaka 1500. Kwake, kukeneka ni kutenga kilicho kizito na kilicho chepesi, na njia zake zimo zinazotumia moto na zisizotumia moto kabisa, hata kuchuja kwa kitambaa. Maadamu tone linadondoka, neno linafaa.

Upotofu ninaoulalamikia ulikuwa umekwisha ingia. Wanaalkemia, watangulizi wa wanakemia, walikiita kinachopanda spiritus, pumzi au roho, na ndiyo sababu hadi leo tunasema spiriti. Kilichobaki chini wakakiita caput mortuum, kichwa cha maiti, au terra damnata, ardhi iliyolaaniwa. Tazama lugha hiyo. Tofauti ya kiwango cha mchemko imegeuzwa kuwa hukumu ya siku ya mwisho, chepesi kimekwenda mbinguni na kizito motoni. Anayesema leo kwamba "amekeneka" hoja anarudia dini hiyo bila kujua. Na waliolaaniwa hawakukaa kimya: unga mwekundu uliobaki baada ya kukeneka vitrioli, yaani chumvi ya chuma na salfa, ili kupata asidi ya salfuriki uliuzwa kama rangi ya wachoraji na kama unga wa kung'arishia vioo na metali. Rangi hiyo, nyekundu iliyokoza hadi kuelekea zambarau, bado inaitwa caput mortuum.

Kuna jambo jingine ambalo wapenda kiini hulisahau: chombo nacho hujiweka ndani ya jibu. Kwa muda mrefu wasomi waliona kwamba maji yakikenekwa tena na tena huacha udongo kidogo, wakahitimisha kwamba maji hugeuka udongo. Antoine Lavoisier, mwanakemia Mfaransa, akaweka maji kwenye chupa ya kioo iliyofungwa, ya aina inayorudisha mvuke ndani yake yenyewe, akayapasha moto kwa siku 101, kisha akapima kila kitu kwa mizani. Chupa ilikuwa imepungua uzito. Ule "udongo wa maji" ulikuwa kioo kilichomomonyoka.

Wakeneka pombe, kwa upande wao, hawajawahi kukiamini kinachopanda kwanza. Hutupa "vichwa", sehemu ya mwanzo yenye asetaldehidi na vitu vingine vyepesi vya harufu kali, hutenga "mikia" mwishoni, na huchukua cha katikati. Mpaka huwekwa na pua na ulimi wa fundi. Hiyo ni hukumu ya mtu, na haina aibu kuitwa hivyo.

Mafuta ghafi yanasema zaidi. Mwaka 1855 Benjamin Silliman wa chuo cha Yale, Marekani, aliyakeneka mafuta ya mwambani ya Pennsylvania kwa kupandisha joto hatua kwa hatua, akaonyesha kwamba yanatoa mwanga mzuri wa taa. Miaka minne baadaye kisima cha Titusville, hukohuko Pennsylvania, kikaanza kutoa mafuta. Kilichotafutwa wakati huo ni mafuta ya taa. Petroli, iliyo nyepesi kuliko mafuta ya taa na hutangulia kupanda, ilikuwa kero ya hatari, na nyingi ilichomwa au kumwagwa. Magari yakaja, petroli ikawa mfalme. Lami, masalia ya chini kabisa, ikatandikwa barabarani ili magari hayo yapite. Cheo kiligeuka, viwango vya kuchemka havikugeuka hata nyuzi moja.

Na hewa ndiyo inayonifurahisha kuliko yote. Carl von Linde, mhandisi Mjerumani, alifaulu kuigeuza hewa kuwa majimaji mwaka 1895, na baadaye akaikeneka. Hapa moto haupo. Kila kitu ni baridi kali. Nitrojeni huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, oksijeni kwenye 183 chini ya sifuri, kwa hiyo nitrojeni ndiyo hukimbilia juu na oksijeni hukusanyika chini ya mnara. Oksijeni ya majimaji inayopelekwa hospitali kwa matangi ni masalia. Wanaalkemia wangeiita ardhi iliyolaaniwa.

Kizazi cha karibuni cha neno hili kimo kwenye kompyuta. Mwaka 2015 watafiti Geoffrey Hinton, Oriol Vinyals na Jeff Dean waliandika juu ya kukeneka maarifa ya mtandao mkubwa wa neva bandia, yaani programu inayojifunza kwa mifano, na kuyatia kwenye mdogo, wazo ambalo wengine walikuwa wamelifanyia kazi tangu 2006. Nilitarajia kukuta tena ile habari ya kiini, nikakuta kinyume chake. Mtandao mkubwa ukionyeshwa picha ya mbwa, hujibu "mbwa" kwa uhakika karibu kamili, lakini pia huweka uwezekano mdogo sana kwenye mbwa mwitu, na mdogo zaidi kwenye meza. Katika matumizi ya kawaida tarakimu hizo hutupwa. Ila ndizo zinazobeba habari kwamba mbwa hufanana na mbwa mwitu kuliko anavyofanana na meza. Kwa hiyo kanuni yao ina kigezo wanachokiita halijoto: kikipandishwa, uwezekano uliokuwa umezama chini huinuka ukaonekana, na mtandao mdogo hufundishwa kwa tarakimu hizo pamoja na jibu lenyewe.