BP Wapo?

Jumatatu nilikwenda zahanati kwa ajili ya jino. Jino tu. Lakini siku hizi hupiti pale bila kuvalishwa ule mkanda wa mkononi, ukajaa upepo mpaka vidole vikafa ganzi. Nesi akaangalia mashine, akaniangalia mimi, akairudia mashine. 158 kwa 96. Akanieleza kwamba mtu mzima mwenye amani yake huwa karibu na 120 kwa 80, na ikizoea kufika 140 kwa 90 hilo ni tatizo. "Baba, BP yako iko juu. Lazima ishuke."

Sawa. Nikapanda daladala na mawazo yangu. Sasa kituo chetu sisi kinaitwa BP. Zamani palikuwa na sheli ya BP. Kampuni ikauza vituo vyake, vikapakwa rangi mpya na kuitwa Puma, ila hakuna aliyewaambia makonda. (Na hapo nimesema "sheli ya BP", wakati Shell ni kampuni nyingine kabisa. Nchi hii tunaelewana kwa huruma ya Mungu.)

Konda akagonga bodi: "BP wapo?"

Kimya. Mimi nikajua tayari, nesi ameshanitangaza.

"BP wapo jamani?"

Mama mmoja wa siti ya mbele akajibu kwa upole, "Mimi ninayo mwanangu, mwaka wa sita huu."

Nikapata nguvu, nikanyoosha mkono. "Mimi yangu ya leo leo."

"Sasa mnashuka au hamshuki?"

"Nesi kasema lazima ishuke," nikamjibu.

Tukapitilizwa vituo viwili. Nikarudi kwa miguu, jua la saa saba, na kama ile mashine ingekuwepo njiani nadhani ingepasuka.

Nikaona afadhali nipitie duka la dawa. Macho yakatua kwenye boksi: Paracetamol Tablets BP. Nikamshukuru Mungu, maana hata bei ni ya kwetu. "Dada, nipe hizo za BP."

"Kichwa kinauma, baba?"

"Hapana. Presha."

Yule dada akaweka kalamu chini. Akanifundisha kwamba BP ya pale ni British Pharmacopoeia, kitabu cha Waingereza cha viwango vya dawa, kinachotolewa tangu 1864. Ukiona BP maana yake dawa imetengenezwa kwa kipimo cha kitabu hicho, basi. Akanionyesha na pakiti ya pamba ya kusafishia vidonda: nayo BP. Pamba! Nikamkumbuka shangazi yangu, ambaye kila moyo ukimwenda mbio anameza paracetamol mbili na kulala. Nikampigia palepale. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kwa hiyo wewe unajua kuliko boksi?"

Nyumbani nikakuta fomu ya mzigo aliyotuma shemeji yangu wa Lubumbashi niijaze. Juu kabisa pameandikwa B.P. na mstari mtupu. Hapo sikubabaika, siku nzima nilikuwa nimefundishwa. Nikaandika kwa herufi za kueleweka: 158/96. Shemeji alipopiga simu alicheka mpaka salio likakata. Kumbe Kongo, kwa Kifaransa chao, BP ni sanduku la posta. Sisi tunaandika S.L.P. na hakuna aliyewahi kutuuliza kama tumeacha chumvi.

Mpwa wangu anayesoma mambo ya kale akaona aniliwaze. Akasema kwao BP ni miaka iliyopita kabla ya sasa, na hiyo "sasa" waliifunga mwaka 1950, haisogei. Mimi nimezaliwa 1971. Yaani nimekuja duniani miaka 21 baada ya sasa, na bado nadaiwa kodi ya nyumba.

Nimekaa barazani nipumue, kijana wangu wa darasa la tano akatokea na skafu yake ya skauti. "Baba, unajua BP alikufa?"

Nikashika kifua. "BP ipi?"

"Baden-Powell! Mwanzilishi wetu. Alikufa 1941, kazikwa Nyeri, Kenya. Kwenye kaburi lake pana alama ya duara lenye nukta katikati. Maana yake: nimekwenda nyumbani."

Nikamwambia vizuri sana mwanangu, nikaingia kujinyoosha. Nilipotoka jioni nikakuta amefanya mazoezi. Duara kubwa la chaki, nukta katikati, mlangoni kwangu, na chini yake kwa mwandiko safi: BP.

Nimemwambia afute upesi. Jirani wa kushoto anajua nilikwenda zahanati asubuhi, na tayari nimemwona anakung'uta mkeka.