Sensa Isituulize Kabila, Ituulize Lugha

Mtu wa Mwanza au Arusha akisikia unatoka Mtwara, anakuita Mmakonde kabla hujamaliza kutaja jina. Ukimwambia kwenu ni Lindi, utabaki Mmakonde vilevile. Hana ubaya, ila amewafuta watu wengi kwa mara moja: Wamakua na Wayao wa Masasi na Nanyumbu, Wamwera wa Ruangwa na Nachingwea, Wangindo wa Liwale, Wamatumbi na Wamachinga wa Kilwa, na watu wa pwani ambao nasaba zao zina damu ya ng'ambo tangu enzi za Kilwa Kisiwani. Na ukitaka kumsahihisha kwa takwimu, huna. Sensa ya 2022 inasema Mtwara ina watu 1,634,947 na Lindi watu 1,194,028. Ni watu gani hao, haisemi.

Haisemi kwa makusudi. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Ile ya 1978 haikuuliza tena, wala zilizofuata. Mimi naunga mkono uamuzi ule, na natanguliza kusema hivyo kwa sababu jambo hili likiguswa tu, watu hushtuka wakidhani ukabila unabisha hodi.

Waliofuta swali walijua nchi ilikotoka. Mkoloni alituhesabu kwa rangi, Wazungu kivyao, Wahindi na Waarabu kivyao, halafu Mwafrika akagawanywa tena kwa kabila. Hata kura ilipigwa kwa rangi. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ile iliyoitwa kura tatu. Chama cha TANU, kilichodai uhuru, kilikutana Tabora Januari 1958 wanachama wakabishana kama washiriki au wasusie, mpaka Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie. Nchi iliyopitia hayo ilikuwa na haki ya kusema kwamba sasa basi.

Isitoshe, huku Kusini hilo swali la kabila lingejibiwaje? Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili walifuata ukoo wa mama. Uislamu, Ukristo, shule na ofisi vikaja na utaratibu wa kufuata baba. Mtoto wa mama Mmwera na baba Mmakonde aandikwe nani? Akijibiwa na mjomba ni hivi, akijibiwa na baba mkubwa ni vile, na wote wawili wana hoja. Masasi ndiyo kabisa. Mwaka 1876 wamisionari Waanglikana walifika pale na watu waliokombolewa utumwani, wakitokea Zanzibar, wakaanzisha makazi. Watu hao walikuwa na asili mbalimbali, na biashara ya utumwa ilikuwa imewatenga na koo zao. Baadaye mashamba ya mkonge ya Lindi yakavuta vibarua kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vya 1964 hadi 1974 vikaleta wakimbizi, na wengine hawakurudi. Ukija kwenye vijiji vya ujamaa, familia ambazo zilikaa mbalimbali porini zikajikuta ukuta kwa ukuta. Kumwekea mtu wa historia hiyo kisanduku kimoja cha kabila ni kumlazimisha adanganye.

Kuna wanaonitajia Kenya kama mfano wa faida ya kuhesabu makabila. Wamakonde waliokwenda huko enzi za mkoloni kufanya kazi mashambani waliishi Kwale miaka mingi bila uraia, wakazaa na kuzikana huko. Oktoba 2016 wakaandamana kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais. Wakapewa vitambulisho, mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya, na sensa ya 2019 ikawahesabu kwa jina lao. Nilifurahi kwa ajili yao kama ndugu. Lakini ninavyoona mimi, kisa hicho kinaonyesha hatari ya kulifanya kabila kuwa mlango wa uraia: asiyekuwa kwenye orodha anabaki nje na watoto wake na wajukuu wake. Mmakonde wa Newala hakuhitaji nambari ya kabila ili awe Mtanzania.

Kwa hiyo kabila lisirudi. Ninachodai ni lugha.

Dodoso la sensa ya 2012 lilikwisha kuligusa suala hili. Swali la kusoma na kuandika lilitaja Kiswahili, Kiingereza na "lugha nyingine". Humo kwenye lugha nyingine ndimo kilimozikwa Kimwera, Kimatumbi, Kingindo, Kimakua, Kiyao na Kimachinga. Tena liliuliza kusoma na kuandika tu, wakati lugha hizi watu wengi wanazizungumza bila kuziandika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa atlasi ya lugha za Tanzania mwaka 2009, waliorodhesha lugha takriban 150, na kwa idadi ya wasemaji ikawabidi wategemee makadirio. Nchi inayofanya sensa kila baada ya miaka kumi haipaswi kuwaacha wasomi wake wakikadiria.

Kinachoniuma ni kwamba huku tunaona lugha zinaondoka na hatuna hata namna ya kusema zimeondoka kwa kasi gani. Keti Ruangwa mjini usikilize: bibi anasema Kimwera, mjukuu anaelewa kila kitu, anajibu kwa Kiswahili. Mjukuu huyo akizaa, mwanawe hataelewa. Nyimbo za unyago na jando zina mafunzo yasiyosemwa kwa lugha ya darasani, na somo, yaani mkufunzi wa mwali, akifa bila mrithi anayeimudu lugha, yanakwenda naye. Kiswahili nakipenda, ni lugha yangu ya kuwazia na kuandikia, na Kilwa ilikuwa mji wa Waswahili kabla Dar es Salaam haijawa mji. Hakihitaji kulindwa dhidi ya Kimatumbi.

Pia kuna mambo ya kawaida kabisa ya serikali. Mzee wa kijijini Tandahimba anapoumwa, hueleza maumivu yake vizuri zaidi kwa Kimakonde, na anayemsikiliza zahanati huenda amepangiwa kazi akitokea Kagera. Halafu tuna wageni. Tangu wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Ihefu mkoani Mbeya mwaka 2006 na 2007 wakaelekezwa Lindi, Kilwa na Liwale zimepokea familia za wafugaji, Wasukuma na Wabarabaig miongoni mwao. Tumesikia ugomvi wao na wakulima mara nyingi. Mkoa wa Lindi ulikuwa na watu 864,652 mwaka 2012, na ongezeko la zaidi ya laki tatu kwa miaka kumi huenda si la kuzaliana peke yake. Mtoto wa mfugaji anayeanza darasa la kwanza bila Kiswahili anahitaji mwalimu anayelijua hilo kabla shule haijafunguliwa. Takwimu ya lugha kwa kata ingemsaidia afisa elimu kupanga.

Najua nitaambiwa kwamba kuuliza lugha ni kuuliza kabila kwa mlango wa nyuma. Sikubali. Wapo Wamwera wasiojua neno la Kimwera, na wapo Wayao wa Masasi wanaozungumza Kimakua kwa kuwa ndicho cha majirani na cha wake zao. Lugha mtu anaweza kuwa nazo tatu na zote zikaandikwa bila kumkana mzazi yeyote. Majibu ya mtu mmoja mmoja ni siri kwa mujibu wa Sheria ya Takwimu, na kinachotangazwa ni jumla.

Sensa ijayo ni 2032, na kabla yake huwa kuna sensa ya majaribio. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ianzie kwetu: Liwale, Kilwa, Newala na Masasi mjini panatosha. Maswali yawe mawili tu. Nyumbani hapa mnazungumza lugha zipi? Na wewe binafsi lugha ya kwanza kujifunza ulipokuwa mtoto ni ipi? Nafasi ya kuandika zaidi ya lugha moja iwepo, na karani akikuta nyumba ina bibi, amuulize bibi mwenyewe, mjukuu asimjibie.